Salamu za Saa Kumi na Moja

Nchi ninayoisimulia haipakani na ya kwenu, kwa hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani wala msianze kutazamana. Ni nchi nzuri tu. Nimeishi humo miaka sitini na mitatu na sina lalamiko hata moja, na hata ningekuwa nalo nisingejua nilipeleke wapi, kama mtakavyosikia.

Mimi naitwa Mwinjuma Shomvi. Ni balozi wa nyumba kumi katika Mtaa wa Kisima Kipya. Nyumba zenyewe siku hizi ni arobaini, lakini bado zinaitwa kumi kwa sababu zilipoongezeka hakuna aliyepewa ruhusa ya kuhesabu upya. Nina muhuri wangu mwenyewe, na bila muhuri huo mtu wa mtaani kwangu haoi, hazikwi, wala haunganishiwi runinga. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nasimulia mambo ya kuambiwa. Nilikuwepo.

Basi, mwaka ule Serikali ilituletea Runinga ya Hiari. Zamani tulikuwa na antena juu ya paa na stesheni moja, na stesheni hiyo ilikuwa ikimwonyesha Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akifungua kitu. Akimaliza kukifungua, walimwonyesha tena akikifungua. Sasa wakubwa wakaona wananchi wamekomaa na wanastahili kuchagua wenyewe. Runinga mpya ingekuja kwa waya wa intaneti hadi sebuleni, na ndani yake vimo vipindi mia tatu na kitu: tamthilia, mpira, mapishi, mawaidha, nyimbo za zamani. Mtu angetazama anachotaka saa anayotaka, akitaka kusimamisha anasimamisha, akitaka kurudia anarudia, yuko kwake kajilaza.

Waziri wa Utazamaji na Utulivu wa Majumbani, Mheshimiwa Daktari Injinia Kanali Mstaafu Pazi Lugendo, alikuja kuizindua uwanjani. Akatuambia kwamba kuanzia siku ile hakuna raia atakayelazimishwa kutazama kitu chochote, kila mmoja atajiunga kwa hiari yake, na kwamba siku ya mwisho ya kuwa na hiari ni tarehe thelathini ya mwezi uleule. Tulipiga makofi mpaka msimamizi wa makofi aliposhusha bendera.

Fomu ya kujiunga ilikuwa na kurasa kumi na moja. Iliuliza nani hukaa kiti kipi, nani hushika rimoti, nani husinzia, na kama kuna mtu nyumbani mwenye tabia ya kuzima kabla kipindi hakijaisha, aeleze sababu zake na aambatanishe picha mbili. Niligonga muhuri fomu zote arobaini ndani ya siku moja, mkono ukavimba. Na nawahakikishia uhuru wa kuchagua ulikuwepo. Ukichagua Hotuba za Mheshimiwa Mlezi, huulizwi neno. Ukichagua kitu kingine, runinga inakuuliza kwa upole kama una hakika.

*

Sasa kuhusu salamu.

Waziri ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungiwa king'amuzi, na siku hiyo alikuwa amewaalika wakwe zake waje kushuhudia. Fundi akabonyeza, king'amuzi kikawaka, kikasema kwa sauti ya kiume: Chagua kipindi. Mbele ya mama mkwe! Hakijabisha hodi, hakijauliza watu wameshindaje, kimeingia sebuleni mwa mtu mzima na kuanza kutoa amri. Mama mkwe alijitanda khanga usoni na hakuifunua mpaka alipoondoka. Waziri aliona haya hata akashindwa kula.

Kesho yake ikatoka amri kwamba hakuna kitu kitakachoingia nyumba ya raia bila adabu. Mafundi waliotoka ng'ambo wakaitwa, wakaambiwa waifundishe mashine kuamkia watu. Ikawa hivi: kila siku saa kumi na moja jioni, runinga inajiwasha yenyewe nchi nzima, inabisha hodi, inauliza habari za nyumbani, na haionyeshi kitu mpaka ijibiwe. Kutoijibu siku tatu ni kosa, na kosa hilo ni la mtaa mzima. Sauti yake walimchukua mkunga mmoja mstaafu, bibi mwenye sauti ya kubembeleza hasa. Ukiisikia unajikuta umekaa vizuri na umevuta nguo kufunika magoti.

Kosa walilofanya wale mafundi si la kuwalaumu. Walitoka nchi ambayo, nasikia, mtu akiulizwa habari anajibu habari. Sisi hatuna ukali huo. Kwetu mtu akiulizwa habari za nyumbani husema njema. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma yake, atasema njema kwanza, ndipo avute pumzi na kusema ila. Njema, ila mtoto ana homa. Njema, ila jana wametuvunjia mlango. Njema, tunashukuru, ila mzee ametutoka alfajiri. Habari yenyewe inakaa baada ya ila, na mtoto wa kwetu anayejua kutembea anajua kuisubiri. Mafundi hawakujua hilo, na hakuna aliyewaambia, maana nani angefikiria kwamba kuna mtu hajui? Wakaifundisha mashine kusikia neno la kwanza. Likishaingia, inasema tunashukuru, inafunga sikio, inafungua picha.

Na kwa kuwa mashine za wizarani zilikuwa na nafasi kubwa imekaa bure, mtu mmoja akasema majibu yahifadhiwe. Jina lake halijulikani mpaka leo, ingawa watu tisa wameshapewa nishani kwa jambo hilo.

*

Mwaka ulipoisha wakafungua majibu na kuyajumlisha. Nyumba zote zilikuwa njema. Waziri hakuamini, akaagiza wajumlishe tena, zikawa njema asilimia mia moja. Alipoagiza mara ya tatu zikafika asilimia mia moja na mbili, wakaona waachie hapo.

Serikali sikivu haiwezi kupata habari kama hiyo ikakaa kimya. Zahanati ya kata yetu ilifungwa kwa kukosa wagonjwa. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamekaa barazani siku inafungwa, na mwuguzi aliwasomea takwimu moja baada ya nyingine, kwa sauti, huku akipandisha viti juu ya meza. Gari la zimamoto likapakwa rangi nyeupe, likawa la maharusi. Kituo cha polisi, kwa kuwa hakuna nyumba iliyowahi kuibiwa, kilibadilishwa kuwa Kituo cha Pongezi, mahali ambapo raia anaweza kwenda muda wowote wa kazi kupongezwa.

Wapo waliothubutu kuuliza vipi kuhusu ila. Mbunge mmoja aliuliza bungeni, na Waziri akasimama kumjibu kwa heshima zote. Alisema kwamba ila ni kelele, na Serikali haiongozwi kwa kelele. Alisema wananchi wenyewe, kwa vinywa vyao, bila kushikiwa fimbo, wamesema njema. "Sisi ni nani," akauliza, "hata tuwabishie?" Nilipiga makofi nikiwa peke yangu sebuleni, na runinga ikanishukuru kwa jina.

Yule mbunge sikumwona tena kwenye runinga. Nilimtafuta kati ya vile vipindi mia tatu, nikaulizwa kama nina hakika, nikaacha.

*

Tuje kwa Mwalimu Ngwali, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wamesema mengi.

Mwalimu Ngwali alikuwa akifundisha hesabu shule ya msingi ya pale kwetu. Mrefu, mpole, hana makuu. Nyumba yake inatazamana na yangu. Mkewe ni Bi Zawena, fundi wa kusuka mikeka. Hawakujaliwa mtoto, na sisi wengine tulikuwa tukingoja kuona lini wataachana, lakini wapi. Mwalimu akitoka shule alikuwa anaingia jikoni, anakaa kwenye mbuzi, anakuna nazi, mlango wazi, watu wanapita wanamwona mwanamume mzima anakuna nazi huku anacheka na mkewe. Nilishawahi kumwambia kwamba haileti picha nzuri. Akasema, "Balozi, nazi ngumu, na mikono yangu mirefu."

Mwezi mmoja baada ya zahanati kufungwa, tulizika mara tatu katika wiki moja. Homa tu, ya kawaida, ile ambayo zamani mtu alikuwa anapewa vidonge na kurudi kulima. Mwalimu alibeba majeneza yote matatu, la mwisho lilikuwa dogo. Jumatatu yake akaingia darasani akaandika ubaoni: Mtaa una nyumba arobaini. Nyumba tatu zimezika wiki hii. Nyumba ngapi ni njema? Watoto wakatoa, wakapata thelathini na saba. Akawawekea vema wote.

Mjukuu wangu alirudi na daftari, nikaiona ile hesabu na ile vema ya wino mwekundu. Nikashangaa kweli. Ripoti ya mtaa ya wiki ileile, niliyoigonga muhuri kwa mkono wangu, ilisema nyumba njema ni arobaini. Mimi si mtu wa hesabu, lakini najua hesabu moja haina majibu mawili. Nikalichukua daftari nikalipeleka ofisi ya kata ili niulize. Niliwaambia wazi kabisa kwamba nauliza tu, sina nia nyingine. Walinishukuru, wakanipa chai ya maziwa, wakasema daftari libaki kwanza.

Siku ya pili yake, wakati wa mapumziko ya saa nne, gari lilifika shuleni. Walishuka watu wawili waliovaa vizuri, wakawaamkia walimu wote mmoja mmoja, wakasema Mwalimu Ngwali anahitajika mahali kusahihisha hesabu. Mwalimu aliwaambia kwamba ameshaisahihisha na iko sawa. Wakamfungulia mlango wa gari. Nasikia walimshikia na mkoba.

*

Jioni ile, saa kumi na moja, runinga ya Bi Zawena ikabisha hodi na kuuliza habari za nyumbani. Nilimsikia kutoka barazani kwangu. Alisema, "Njema, ila mwenzangu hajarudi tangu asubuhi," na kabla hajafika kwenye neno mwenzangu muziki wa tamthilia ulikuwa umeshaanza.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho kutwa. Kila siku alisema njema na kila siku alisema ila, akieleza mume wake kavaa shati gani, kachukuliwa na watu gani, na picha ikimwonyesha mwanamke mwingine akilia kwa ajili ya mwanamume mwingine. Siku ya ishirini na tatu akaja kwangu kuomba barua ya kwenda kuripoti. Nikamgongea. Kanuni inataka balozi amsindikize mwenye barua, kwa hiyo nilimsindikiza.

Kituo cha Pongezi kimepakwa rangi ya waridi. Ndani tulipokewa na Koplo Stamili, binti mwenye meno meupe na heshima zake. Alisimama, akapiga saluti, akampa Bi Zawena ua la plastiki kabla hajaulizwa kilichomleta. Bi Zawena akaliweka mezani, akasema mume wake ametoweka. Koplo akabonyeza kompyuta yake, akasoma, akatabasamu, akatoa karatasi.

"Mama, nyumba yako ni njema," akasema. "Hizi hapa siku ishirini na tatu, zote njema. Nyumba iliyopoteza mtu haijibu hivi."

"Ile ni salamu tu, mwanangu."

"Serikali haisalimii tu, mama."

Bi Zawena akavutavuta ukindu wa mkoba wake. Kisha akauliza, taratibu, afanye nini. Nampa sifa zake Koplo, hakumficha. Alimweleza kwamba jibu la nyumba hurekebishwa na nyumba. Saa kumi na moja jioni, mbele ya balozi na majirani sita, mwenye nyumba aseme kwa neno la kwanza kabisa kwamba nyumba si njema. Mashine ikishapokea, jalada la mume wake linafunguliwa siku hiyohiyo, na watu wa kumtafuta wataanza kumtafuta, na walio naye watalazimika kuandika kwamba wako naye. Bi Zawena akauliza kama kuna mtu amewahi kufanya hivyo. Koplo akabonyezabonyeza tena. Nchi nzima, akasema, bado.

Tulipokuwa tunatoka Koplo akatukimbilia na lile ua. Bi Zawena alikuwa amelisahau.

*

Msidhani ilikuwa rahisi. Jioni ile alijaribu peke yake kwanza, apate kuzoea. Aliniambia mwenyewe. Alisimama katikati ya sebule, ameshika ukuta, ile sauti ya bibi ikaja, "Hodi wenyewe. Habari za nyumbani?" na yeye mdomo ukafunguka na kusema njema wenyewe. Miaka hamsini mdomo huo haujawahi kumjibu mtu mzima vibaya. Akalia kwa hasira, akajipiga kibao. Siku ya pili akajifunga leso mdomoni ili apate nafasi ya kufikiri, na njema ikatoka humohumo ndani ya leso na mashine ikaisikia. Mashine ina masikio mazuri sana.

Siku ya tatu akapiga moyo konde, akapita nyumba kwa nyumba kualika. Alikuja Bi Kurwa wa cherehani, Mzee Chande wa mkaa, na wengine wanne ambao majina yao hayana haja. Wote walikuja kwa mapenzi, na kila mmoja wao alikuwa amesomeshewa mtoto na Mwalimu. Mzee Chande alimwambia mlangoni, "Dada, leo tuko na wewe," na machozi yakamlengalenga. Nami nilikuwa naye. Naomba hilo lieleweke.

Ni kweli kwamba asubuhi ya siku hiyo niliitwa ofisi ya kata. Hawakunitisha hata kidogo. Katibu alinipa chai ileile ya maziwa. Akanieleza kwamba mtaa wetu umebaki hatua moja kutangazwa Mtaa Mwema wa Taifa. Kisha akavuta droo, akalitoa daftari la mjukuu wangu, akalipangusa vumbi. Akaniambia wamelisoma vizuri, na wamegundua kwamba Mwalimu aliuliza tu, lakini aliyejibu thelathini na saba ni mjukuu wangu. Mwandiko ni wake. Akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikasema tisa. Akaandika tisa, akarudisha daftari kwenye droo, akanisindikiza mpaka mlangoni.

*

Saa kumi na dakika hamsini tulikuwa tumeshakaa. Bi Zawena alikuwa amepiga deki, ametandika mkeka mpya, ametugawia chai na vitumbua. Yeye mwenyewe alisimama. Hakuna aliyekula. Nilikuwa namwomba Mungu umeme ukatike, na umeme haukukatika, nchi yetu imeendelea.

Runinga ikawaka.

"Hodi wenyewe," ikasema ile sauti ya bibi. "Habari za nyumbani?"

Bi Zawena alifungua mdomo. Niliona ile njema ikipanda kooni, wallahi niliiona, na nikaona akiirudisha chini.

"Mbaya," akasema.

Jamani! Bi Kurwa alishika kifua. Hata mashine ilichelewa kidogo, nadhani kule wizarani kulikuwa na mtu ilibidi aitwe.

"Samahani," ikasema, "sijakusikia vizuri. Habari za nyumbani?"

"Mbaya. Mume wangu Ngwali amechukuliwa. Nyumba yangu ni mbaya, mtaa huu ni mbaya, na nyinyi mnajua."

Kijitaa chekundu kikawaka juu ya kioo, kikazunguka sebule nzima kichwa kwa kichwa. Sauti ikarudi ileile, haijapandishwa hata kidogo. "Nawahesabu watu wanane. Jibu la nyumba ni jibu la wengi. Wengine mnasemaje?"

Wakanitazama. Wote sita, na Bi Zawena wa saba. Balozi ni mimi, muhuri ni wangu, na hakuna mtu wa mtaani kwetu atakayeanza kusema kabla balozi hajasema. Nilitaka kusema mbaya. Neno lilikuwepo, nililiona kabisa. Nikaona na ile droo ikivutwa.

"Njema," nikasema.

Na Bi Kurwa akasema njema. Na Mzee Chande, macho yakiwa chini, akasema njema, na wale wanne nao wakafuata.

"Tunashukuru," ikasema runinga, na tamthilia ikaanza pale ilipoishia jana. Tukaitazama mpaka mwisho, maana kunyanyuka mara moja nyumbani kwa mtu si adabu.

Wenzangu walipoondoka, Bi Zawena alikuwa anakusanya vikombe. Alikuja mpaka nilipokaa, akainama.

"Balozi," akasema, "ulikuwa unasema kweli, au ulikuwa unasalimu?"

"Nilikuwa nasalimu tu," nikamjibu.

"Haya. Malizia chai yako."

*

Alhamisi mchana lile gari lilisimama mbele ya nyumba yake. Walikuwa walewale wawili waliovaa vizuri. Walituamkia barazani, wakauliza habari, tukawaambia. Walimweleza Bi Zawena kwamba nyumba yenye majibu mawili ni nyumba inayohitaji msaada, na kwamba atasaidiwa mahali tulivu mpaka lugha yake itakapokaa sawa. Hakubishana nao. Aliomba avae khanga, akazima jiko, akafunga madirisha. Kisha akavuka njia akanipa ufunguo.

Nilimwambia pole. Aliniangalia kana kwamba nimesema kitu kwa lugha asiyoijua.

"Mume wangu akirudi," akasema, "mwambie nilisema."

Nikamwahidi. Watu wa barazani ni mashahidi.

Tangu siku ile nyumba ikawa haina mtu wa kuijibu, na nimeshaeleza kosa la nyumba isiyojibu siku tatu. Kata ikaniandikia barua kunikabidhi kazi hiyo, tena barua nzuri, yenye muhuri mkubwa kuliko wangu. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nafungua mlango wa Bi Zawena, nakaa kwenye mkeka wake, inabisha hodi, najibu, inanishukuru, natazama kidogo, nafunga, narudi kwangu. Mkeka haujaanza hata kuchakaa. Mtaa wetu ulishinda. Tulipewa cheti, na mjukuu wangu alirudishiwa daftari lake likiwa na jalada jipya.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa nimeshajibu, tamthilia imepamba moto, nikasikia hodi nyingine mlangoni. Nikageuka. Alikuwa Mwalimu Ngwali.

Amekonda, wamemnyoa upara, viatu havina kamba. Mkononi alikuwa na karatasi ya Serikali, na kwa pale nilipokaa niliweza kuona namba arobaini na vema kubwa pembeni yake. Alisimama kizingitini mwa nyumba yake kama mgeni. Aliniona mimi, akauona mkeka, akatupa macho upande wa jikoni ambako mlango ulikuwa umefungwa. Hakuuliza nafanya nini pale. Mtu aliyelelewa vizuri haanzi hivyo.

"Habari za hapa nyumbani, Balozi?" akasema.

"Njema, Mwalimu," nikamjibu.

Hakusogea. Alibaki pale mlangoni ananitazama mdomoni, akisubiri neno linalofuata, kama anavyosubiri mtu yeyote wa kwetu. Mimi nikachukua rimoti, nikaongeza sauti.